Jina la Kuandika Mwisho wa Video

Hallunda, Stockholm
28 Septemba 2008

Shangazi Leokadia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu. Sisi hapa hatujambo. Mama amebadilishiwa zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, kwa hiyo siku hizi tunaonana mchana kama familia nyingine. Baba bado anatengeneza pampu za maji, na bado ni katibu wa chama cha Watanzania, chama chenye wanachama ishirini na wenyeviti wanne. Lifti ya jengo letu imekufa tena. Tuko ghorofa ya saba, kwa hiyo sote tumepungua.

Baba alisema nikupigie simu. Nikamwambia Shangazi husema simu ni ya kuulizia bei ya ndizi, jambo la maana huandikwa. Basi naandika.

Niko mwaka wa mwisho wa sekondari na lazima nifanye kazi moja kubwa ya mradi. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza video ya wimbo. Mmoja ni Axel, Mrundi wa mtaa wa Bredäng, ambaye ana kamera na kwa sababu hiyo anadhani ana akili. Mwingine ni Belyse, binamu yake, ndiye atakayeigiza. Axel alitaka wimbo wa rafiki yake anayefoka kuhusu magari na hana hata baiskeli. Nikakataa. Nimechagua wimbo wa kwaya yenu kutoka kaseti ya zamani ya baba, ule wa "Mguu Wangu Unaishia Hapa". Tangu utotoni naujua, na kila nikiusikia nywele zinanisimama.

Mwalimu hataki tuguse kamera kabla ya kupanga na kutafiti: wimbo unahusu nini, watazamaji ni akina nani, picha zitafuatana vipi. Na lazima tupate karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya mtunzi. Bila sahihi hiyo video haitoki nje ya darasa, na sisi tunataka ionyeshwe kwenye sherehe ya Muungano ya chama, kule Tumba, mwezi wa nne. Siku ya mwisho ya kukabidhi kila kitu ni tarehe 20 Machi.

Kwenye kasha la kaseti imeandikwa: Mtunzi, Mwalimu Boniface. Baba anasema anaishi jirani na wewe. Nimeweka humu barua yake na karatasi ya ruhusa, tafadhali umpelekee. Nimeweka pia michoro ya picha zetu na maswali kumi ya kujazwa na wanakwaya.

Video itahusu wapenzi wawili wanaoachana kwenye kituo cha treni.

Mwanao,
Dativa


Bukoba
9 Novemba 2008

Dativa,

Marahaba. Barua yako ilitumia wiki tatu njiani, na mimi nikatumia mbili kumaliza kucheka. Huku wazima. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya jirani na tunaombea usivuke ua. Senene wameanza kuanguka, nitakukaangia kopo moja nikipata msafiri mwaminifu. Mama yako mpe pole ya kazi. Baba yako msalimie, mwambie alipopiga simu Agosti alinieleza habari za mvua ya Stockholm kwa dakika saba, na sijapanda kitu huko.

Sasa michoro. Nimefundisha miaka thelathini na moja, kustaafu hakukuninyang'anya kalamu nyekundu. Umepata nne kwa ishirini, na mbili kati ya hizo ni za unadhifu. Picha ya saba mwanamume analia na mvua inanyesha. Picha ya kumi na moja msichana analia, mvua tena. Huko kwenu mtu hawezi kulia kukiwa kukavu? Picha ya kumi na tano treni inaondoka na mkono unapunga dirishani. Nimeuona mkono huo kwenye kila kalenda ya duka la vitambaa.

Na hao wapenzi umewatoa wapi? Hakuna mpenzi hata mmoja kwenye wimbo huo. Umeusikia tangu utotoni lakini kwa masikio ya kuazima. Anayesema "mguu wangu unaishia hapa" ni nani? Sikuambii. Si umesema unatafiti? Tafiti.

Maswali yako kumi niliyasoma mbele ya wanakwaya. La tatu, "Ukitazama video hii utajisikiaje?", wamejibu kwamba hawajaitazama. La sita, "Uko katika kundi gani la umri?", wamekataa kwa umoja. Mama mmoja ameuliza kama kuna posho.

Barua ya Boniface sikuipeleka. Usiniulize kwa nini.

Shangazi yako,
Leokadia


Hallunda
7 Desemba 2008

Shangazi,

Shikamoo. Theluji imeanguka na kuyeyuka, sasa kila mahali ni tope na watu wanaita hali hiyo Krismasi. Baba amenunua mti wa plastiki na anaupamba peke yake, hataki msaada. Mama ana mafua lakini anakwenda kazini.

Nne kwa ishirini niliibandika ukutani darasani. Axel alikasirika, akasema mtu wa Bukoba anajua nini kuhusu video. Nikamwambia ajibu swali lako kwanza. Hakuweza, na mimi pia sikuweza, kwa hiyo nilimuuliza mama akiwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini. Akasema: "Wewe! Huyo ni shangazi wa bibi harusi. Mlikuwa mnadhani nani?"

Akanieleza vile ilivyo kwenu Uhayani: shangazi anakaa na binti wa kaka yake chumba cha ndani, mlango umefungwa, anampa maneno. Kisha anamsindikiza mpaka kwa mume, na kwenye mlango wa chumba cha mume anamwachia mkono na kugeuka. Nikarudia kaseti. "Mlango huu si wangu, mwana wa kaka yangu, mguu wangu unaishia hapa." Inasema wazi kabisa! Mwana wa kaka yangu! Nimeusikiliza miaka yote hiyo nikidhani ni namna ya kumwita mpenzi. Niliona haya, nikajifungia chooni.

Tumechora upya. Belyse atakuwa bibi harusi. Shangazi ataigizwa na Mama Godelieve wa Tumba, rafiki wa mama, ambaye hajawahi kuigiza lakini anatembea kama mtu mwenye mashamba. Watapita kwenye ukumbi mrefu wa jengo letu, milango yote imefungwa, taa zinawaka na kuzima zenyewe. Hakuna mvua.

Sasa karatasi. Kama humpendi Mwalimu Boniface, hayo ni yenu ya huko. Mimi nina tarehe. Kutembea mpaka kwa jirani kunaweza kuchukua miezi mingapi?

Krismasi njema,
Dativa


Bukoba
18 Januari 2009

Dativa,

Heri ya mwaka mpya kwa wote. Mnyauko umevuka ua. Nimekata migomba kumi na minane, na kufukia. Mama yako ajifukize kwa majani ya mkaratusi, kama yapo huko.

Michoro mipya nimeiona. Kumi na mbili. Ukumbi ni mzuri. Mwambie Mama Godelieve asitabasamu.

Kuhusu karatasi, msimamo wangu ni ule ule. Mguu wangu hauendi kwa Boniface. Sauti yake ilikuwa ya kopo, na akiinua mkono kuongoza kwaya ungedhani anafukuza kuku. Chagua wimbo mwingine. Nyimbo ni nyingi, na huyo Axel ana rafiki.

Leokadia


Hallunda
15 Februari 2009

Shangazi,

Shikamoo. Pole sana kwa migomba. Mama amepona. Baba hajambo, na hapo ndipo barua yangu inapoanzia.

Uliponikatalia nilimwambia baba kwamba shule itanifelisha. Akafungua daftari lake na kunisomea namba ya simu ya Mwalimu Boniface, moja kwa moja, bila kutafuta. Sikujua kwamba wanawasiliana. Nikapiga. Nikamtumia karatasi kwa faksi ya kazini kwa baba, na baada ya siku mbili akairudisha imesainiwa na kugongwa muhuri wa duka lake la saruji. Alikuwa na masharti: picha yake akiwa na suti ikae mwisho wa video kwa sekunde kumi, na chini iandikwe "Mtunzi na Mwanzilishi". Mwanzilishi wa nini, sikuuliza.

Lakini kwa kuwa mwalimu wetu anataka mahojiano na mtunzi, nilimpigia tena. Nikamuuliza kuhusu ubeti wa pili, "Nimekupa maneno matatu, la tatu usimwambie hata mama." Nikasema, Mwalimu, hilo neno la tatu ni lipi? Alikohoa. Akasema, "Ni Neno la Mungu, binti yangu."

Nilimwambia mama. Alicheka mpaka akashika friji. Nilipomuuliza kwa nini, akafuta machozi, akasema neno la tatu kila mwanamke aliyetolewa kwao na shangazi yake analijua, kwamba halina uhusiano wowote na Mungu, na kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kukaa kwenye chumba kile.

Kwa hiyo huu ndio utafiti wangu, Shangazi, na nimeuandika kwenye daftari la mradi kwa Kiswidi kizuri: aliyetunga wimbo huu alikuwa ndani ya chumba. Nimechukua picha iliyo kwenye kasha la kaseti. Kuna wanawake sita. Watano ni wasichana wadogo. Wa sita ni wewe.

Nilimuuliza baba. Alikunja gazeti mara nne, mpaka likawa dogo kama bahasha, akasema: "Tumia jina lililo kwenye kaseti. Mambo ya zamani yaache."

Nakuuliza wewe sasa. Nani ametunga wimbo huu? Nimeweka karatasi nyingine ya ruhusa, tupu. Axel anataka tutumie ya Boniface na tumalize. Nimemwambia asubiri, na ameninunia.

Dativa


Bukoba
8 Machi 2009

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Hatujambo. Mvua ni za kutosha. Habari nyingine za nyumbani sina nguvu ya kuzitafuta leo.

Wimbo ni wangu.

Niliutunga mwaka 1983, nikirudi kwa miguu kutoka kumpeleka binti wa kaka yetu mkubwa, marehemu Thomas. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Njia ilikuwa ndefu na nilikuwa nalia, na ili watu wasinione nalia nikaimba. Nilipofika nyumbani ulikuwa umekamilika, nikauandika kwa noti nyuma ya daftari la mahudhurio la darasa la tatu.

Kwaya iliupenda. Boniface alikuwa mwalimu wa kwaya na katibu wa parokia, yeye ndiye mwenye kalamu na mhuri. Yalipokuja mashindano ya kwaya za jimbo, fomu ilitaka jina la mtunzi. Akaandika lake. Fomu ilitaka pia sahihi ya shahidi kutoka kwenye kwaya, mtu wa kuthibitisha kwamba jina hilo ni la kweli. Shahidi alikuwa mwimbaji wa besi, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyeusikia wimbo ule jikoni kwetu kabla ya mtu yeyote duniani. Alikuwa Ludovick, baba yako.

Mwezi uliofuata Boniface alimwandikia barua ya kumsifu, yenye mhuri, na kwa barua hiyo akapata nafasi ya kozi ya ufundi wa maji huko Sweden. Mimi niliiona fomu mezani. Baba yako aliniona nikiiona. Akaomba chumvi.

Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Ningepiga kelele, barua isingeandikwa. Sisi tulikuwa watoto saba na yeye ndiye mmoja aliyepata mlango. Nikafunga mdomo, nikamfulia shati la safari, nikalipiga pasi. Boniface namdharau kama ninavyodharau mwizi wa kuku, na dharau hiyo ni nyepesi, nalala nayo vizuri. Dharau ninayoionea aibu ni ile niliyo nayo kwa baba yako. Miaka ishirini na mitano ananipigia simu kunieleza mvua. Nampenda, ni ndugu yangu, na kila akisema "huko hamjambo?" natamani kumtemea mate kwenye waya.

Neno la tatu siliandiki. Posta wanasoma.

Karatasi yako hii hapa, nimeisaini. Ni mara yangu ya kwanza kuandika jina langu mahali palipoandikwa "mtunzi". Utaona herufi ya K imepinda. Tarehe yako ni ishirini na naona haitafika kwa wakati. Ikichelewa, tumia ya Boniface upate maksi zako, sitakulaumu. Shule ni shule.

Shangazi yako,
Leokadia Kokugonza


Hallunda
3 Mei 2009

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena kwa magoti. Jua limerudi na watu wa hapa wanalala kwenye majani nusu uchi kama waliookolewa majini. Mama anakusalimu kwa namna ambayo hakuwahi kukusalimu. Alikaa na barua yako mapajani jioni nzima.

Ilifika tarehe 25 Machi, siku tano baada ya tarehe ya mwisho. Lakini karatasi ya Boniface sikuitumia. Tuliwasilisha video bila jina, na mahali pa mtunzi niliandika "Bado tunatafiti." Mwalimu akasema kazi isiyo na ruhusa haijakamilika, akatupa daraja la kupita tu. Axel alisema nimemharibia maisha. Maisha yake hayo yalikuwa na nini cha kuharibika sijui, lakini nilimwomba msamaha, kwa sababu picha alipiga yeye na alizipiga vizuri.

Barua yako nilimpa baba. Aliisoma amesimama. Akaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Akasema, "Zamani mambo yalikuwa hivyo," kisha akabeba kapu la nguo, akasema zamu yetu ya chumba cha kufulia imefika. Haikuwa zamu yetu. Aliketi huko chini saa nzima katikati ya mashine za watu.

Sherehe ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Aprili. Ukumbi wa Tumba ulijaa, hata Wakenya na Warundi walikuja kwa sababu Mama Godelieve alikuwa amewaambia wote kwamba yeye ni nyota. Video ikaanza. Mama mmoja nyuma alianza kuimba, kisha mwingine. Mama Godelieve alipomwachia Belyse mkono na kugeuka, nilisikia wanawake wanavuta pua. Na mwisho, kwa herufi nyeupe, sekunde kumi nzima: Wimbo na maneno, Leokadia Kokugonza, Bukoba, 1983.

Nilimtazama baba. Yuko mstari wa mbele, katibu. Nikajua atatoka nje, au atakaa kimya. Afadhali angefanya hivyo. Alisimama, Shangazi, akachukua kipaza sauti, akatabasamu. Akasema: "Ndugu zangu, huyu mtunzi ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Mimi nimejua siku zote kwamba wimbo huu ni wake." Watu wakapiga makofi. Wakampa mkono! Mwenyekiti mmoja akamkumbatia. Aliwashukuru kana kwamba ametunga yeye. Fomu, sahihi, barua ya sifa, hakugusa hata kimoja. Nilitamani kukata umeme wa jengo zima.

Sijaongea naye tangu siku hiyo. Akiniuliza kitu kwa Kiswahili namjibu kwa Kiswidi, na akiuliza kwa Kiswidi simjibu. Namdharau, na sioni aibu kusema. Boniface naye amepiga simu kuulizia sekunde zake kumi. Nikamwambia tumezimaliza.

Natuma DVD. Niambie kama umeridhika, na niambie nimfanye nini baba.

Dativa


Bukoba
31 Mei 2009

Mwanangu,

Marahaba. Mwili una nguvu na nimepanda migomba mipya, aina wanayosema haishikwi na mnyauko. Tutaona. Mama yako mwambie salamu zake zimefika na nimezielewa.

Video nimeitazama kwa mwalimu mkuu, mwenye deki, mimi na wanakwaya kumi na wanne na mbuzi wake mmoja aliyekataa kutoka. Mama Godelieve anakwenda mbio kidogo, shangazi hakufukuzwa. Mengine yote sawasawa. Jina lilipotokea, wale mama walinigeukia wote kwa pamoja. Wazee kati yao hawakushangaa. Kumbe walijua, na kila mmoja alikuwa ameninyamazia kwa heshima, akidhani mimi ndiye nisiyetaka lisemwe. Tumekaa miaka yote hiyo tunaimba pamoja kila Jumapili, wajinga kumi na watano.

Unauliza kama nimeridhika. Nilipofika pale uliposema Ludovick alisimama na kutamka "dada yangu" mbele ya watu, niliweka barua chini nikalia kama mtoto. Nilikasirika sana kwa kulia. Maneno yenyewe ya mwoga, yamesemwa mahali ambapo hayamgharimu kitu, na bado niliyapokea kama mtu aliyekaa na njaa.

Wewe acha kumnunia. Mjibu kwa lugha anayokuuliza. Yeye ndiye aliyekulea na pampu zake, na deni la dharau analodaiwa ni langu, si lako. Umri wako haujatosha kulibeba, na mimi nimelizoea.

Ila nakuomba jambo moja. Usimwombee msamaha kwangu. Usimwandikie barua aisaini, usimkumbushe, usimnunulie stempu. Kutoka huko nimepokea barua nne, zote za mtoto wa miaka kumi na nane. Anwani yangu ni ile ile aliyoiacha baba yako.

Shangazi yako,
Leokadia